Shavu Nililolificha

Kabla ya kukatwa shavu nilikuwa mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya yetu hapa Rusizi. Nilikulia Bukavu, upande wa Kongo, nikarudi Rwanda, nikabeba mizigo ya watu kwenye mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Pale ndipo nilipojifunza kuweka tumbaku shavuni. Haina moshi, na ukitafuna karafuu baadaye, shemasi hasikii harufu. Nikazeeka hivyo: Jumapili kwaya, siku nyingine tumbaku, daima shavu la kulia.

Likatokea doa jeupe upande ule. Halikuuma, nikanyamaza. Kisha madaktari wakaja kituo cha afya kupima vinywa vya wazee, na mke wangu, Mama Furaha, akanisukuma niende.

Daktari, binti mpole, alisema angekwangua ndani ya shavu kwa kibrashi, apake chembe hai, yaani seli, kwenye kipande cha kioo na kuzitazama kwa darubini.

"Kila chembe iko na kiini, njo inachunga urithi yako," alinieleza kwa Kiswahili cha Bukavu. "Tumbaku inakivunja. Tukiona bipande bidogo pembeni ya kiini, tunajua hatari imeanza, hata kama kansa haiyafika. Papa, unawekaka tumbaku?"

"Hapana." Shemasi alikuwa akingoja zamu kwenye benchi nyuma yangu.

"Uko na doa ao kidonda?"

"Hapana, binti yangu."

Foleni ilikuwa ndefu, naye hakukagua pande zote mbili. Nilifungua kinywa nusu, nikamgeuzia shavu la kushoto.

Majibu yalikuwa mazuri. Jumapili nikasimama mbele yenu hapa kanisani, nikashuhudia kwamba Mungu amekisafisha kinywa changu. Mlipiga makofi na vigelegele.

Doa likawa jekundu, kisha kidonda. Kilitoa damu na harufu iliyoshinda karafuu. Taya lilikaza. Hata uji wa mtama niliumeza kwa machozi. Siku nilipotema damu kwenye sahani, Mama Furaha alinivuta dirishani, akachungulia kinywani.

"Na kile kipimo?"

Nikamwambia ukweli. Akakaa chini.

"Ulibaonyesha shavu ya kanisa," alisema. "Ile ya mupaka ukaificha. Sasa mimi nitazika shavu gani, Papa Furaha?"

Daktari yule yule akakwangua tena, safari hii shavu la kulia. Chembe zilijaa vipande. Wakakata kipande cha nyama, wakakipima. Ilikuwa kansa.

"Kama ningekugeuzia hili siku ile?" nilimuuliza.

"Pengine tungetoa doa tu, Mzee."

Kisu hakikuniuma kama jibu hilo. Walitoa shavu, meno na sehemu ya taya, wakanichoma kwa mionzi mpaka ulimi ukachubuka. Niliomba nife. Mama Furaha alinitilia uji kwa bomba la sindano, akisema, "Meza, mwongo wangu. Meza."

Namshukuru Mungu, madaktari, na mwanamke huyu. Siwezi kuimba tena. Maneno yangu yanavuja pamoja na mate, ndiyo maana nimeandika, na mwenzangu wa kwaya anawasomea. Bado hawajaniambia nimepona. Shavu la kushoto nalo wanalipima kila nikirudi.

Wewe mwenye tumbaku shavuni sasa hivi, hapo kwenye benchi, toka nje ukaiteme. Nenda ukapimwe, na kibrashi kikija, mgeuzie daktari lile shavu unalolificha.

Safari hii msinipigie makofi.