Wifi Hupotea Mvua Ikinyesha

"Sasa kosa langu liko wapi? Nimesoma, nimebofya 'ndiyo'. Wifi hupotea mvua ikinyesha. Kwani uongo? Wangu kapotea na mwavuli wangu tangu mvua za mwanzo!"

"Mama Fasta, hiyo ni wifi ya intaneti," msimamizi alisema, kichwa mikononi. "Wewe umeiweka kwa jamaa. Sasa kompyuta inaamini dada wa mume akinyeshewa hukatika!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Kazi yao ndiyo hiyo. Kompyuta husoma kurasa za mtandaoni kutwa kucha, ikiokota sentensi izigeuze maarifa. Wao huiambia ndiyo au siyo, na jambo lenyewe linamhusu nani. Mama Fasta alipachikwa jina hilo kwa sababu kidole chake hufika kabla ya macho. Ingeandikwa "inapotea" angeshtuka. Lakini "hupotea" haisemi ni mtu au kitu, na mwenzenu alikuwa na lake moyoni.

"Hadi jioni sentensi zote za wifi ziwe safi. La sivyo, kiti hicho nitampa mwingine," msimamizi akamwonya.

Mama Fasta akakaa, akainuka, akakaa tena, goti likimcheza kama cherehani. Wifi iko taratibu: mtandao. Wifi ana mdomo: jamaa, tena huyo namjua. Wifi ikisumbua, izime uiwashe: mtandao. "Hata yule wangu ningemzima," akanong'ona.

"Shoga, bofya! Utafukuzwa na umbea wako," jirani yake wa meza akamkemea.

Ikaja nyingine: Wifi ndiye aliyelala na mwanangu wodini.

Kidole kikasita, jambo geni kwake. Wa kwake naye alilala wodini, sakafuni, mpaka mtoto akapata nafuu. Na Mama Fasta amemnyima salamu mtu huyo kwa ajili ya mwavuli! Jamaa. Akabofya polepole.

Jioni msimamizi alipekua, akaguna. "Haya, kesho njoo. Ila macho yatangulie."

Nje mvua ilikuwa inamwaga. Mlangoni alisimama wifi yake, bega moja chapachapa, chini ya mwavuli uliopinda kama bawa la kuku mgonjwa.

"Nilijua utakwama hapa. Mwavuli uliniharibikia mkononi, wifi, ndiyo maana nikawa nakukwepa. Nitakununulia mwingine."

"Hununui kitu. Kaa nao, ni wako." Mama Fasta akajipenyeza chini yake. "Kumbe mvua ikinyesha, wifi hutokea! Sogea basi, nalowa."