Kuhariri Sauti Bila Macho

Nilijua macho yangu yameaga kazi asubuhi niliposhindwa kuona kikohozi.

Nilikuwa mhariri wa sauti katika kituo kidogo cha redio mjini Nyeri, kwenye kipindi cha wakulima. Wenzangu waliwarekodi watu mashambani, nami nikayasafisha maneno yao: nikatoa vikohozi, honi za pikipiki, mbwa wa jirani, na ile "aaa" ndefu ya mtu anayetafuta neno. Kazi hiyo niliifanya zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Kwenye skrini maneno huonekana kama vilima vinavyofuatana, na kikohozi huchomoza katikati yake kama msumari. Unakiona, unakikata, unaendelea. Siku hiyo nilikisikia vizuri kabisa, lakini mbele yangu palikuwa na ukungu tu.

Daktari alikuwa amenieleza mapema kuhusu presha ya macho. Dawa ya matone niliitia, upasuaji nikafanyiwa, lakini kilichokwisha kupotea hakikurudi. Kufikia mvua za masika nilikuwa najua dirisha liko wapi, basi, si zaidi ya hapo.

Bosi wangu, mama wa makamo aliyeingia redioni akisoma matangazo ya vifo, alikataa kuniachisha kazi.

"Enda nyumbani upumzike," aliniambia. "Lakini hiyo kiti yako hakuna mtu atakalia. Tutatafuta njia."

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema hivyo ndivyo mgonjwa hufarijiwa.

Nyumbani ni Mukurweini, ambako mume wangu anapokea maziwa ya wakulima na kuyapima kabla hayajaingia kwenye tangi la baridi. Alfajiri akiondoka, mimi nilibaki jikoni nikichambua maharagwe kwa vidole. Nilisikiliza kipindi chetu kwenye redio ndogo, na kila kikohozi kilichopita hewani kikanichoma. Nilikuwa nimekwisha kujihesabu kama mtu wa zamani.

Bosi hakuwa amesahau. Alituma kompyuta ya kituo, imewekwa sauti inayomsomea asiyeona kila kilicho kwenye skrini. Nilifurahi sana. Nikaifungua ile programu ya kulipia niliyoitumia miaka yote, nikasubiri inisomee.

"Kitufe," ikasema. Nikasogea mbele. "Kitufe." Nikasogea tena. "Kitufe."

Walioiunda walikuwa wamekichorea kila kitufe picha yake ndogo, makasi hapa, spika pale, wala hawakukiandikia jina. Nilikuwa nimesimama kwenye nyumba ninayoijua na kila mlango umefungwa.

"Wacha mimi nikuwe macho," mume wangu alisema jioni hiyo. Akaketi kando yangu, akashika mausi ya kompyuta. Mimi nikasema kata hapo, yeye akasema hapo wapi, na alipokata, jina la mkulima likaenda pamoja na kikohozi. Tulijaribu hivyo jioni kadhaa. Hakulalamika hata mara moja, na alikuwa amesimama akipima maziwa tangu alfajiri. Lakini sote wawili tuliona kwamba hiyo si kazi, ni mateso ya watu wanaopendana.

Kisha mwenzangu mmoja kazini akanipendekezea programu ya simu inayosafisha yenyewe. Unaipa sauti, inaipeleka mtandaoni, inakurudishia ikiwa safi. Niliijaribu kwa mahojiano ya mzee mfugaji wa ng'ombe. Kweli, mbwa alitoweka, upepo ukatoweka. Lakini mzee naye alitoka kama anayeongea ndani ya debe. Alikuwa na sauti ya chini, ya kukwaruza kidogo, na kila alipoingiza neno la Kikuyu katikati ya Kiswahili chake, ile programu ililitafuna ikidhani ni kelele. Nikaifuta.

Nilimpigia bosi nikamwambia ampe mtu mwingine kiti changu. Akasema, "Ngoja. Kuna msikilizaji wetu huko Timau, mwalimu mstaafu. Hutuma maoni yake juu ya ngano, ameyarekodi vizuri kuliko sisi. Huyo mtu haoni tangu azaliwe. Kwani hatujawahi kumuuliza anatumia nini?"

Mwalimu alinipigia siku hiyo hiyo, kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Mama, umepoteza macho lini?" aliuliza, bila kuzunguka.

"Mwaka jana, mwalimu."

"Pole. Hiyo ni mbaya kuliko yangu, mimi sikuwa na kitu ya kupoteza." Akacheka, nami nikajikuta nacheka pia, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Sasa sikiza. Kuna programu ya bure. Haina urembo, lakini kila kitu ndani yake iko na jina, na kila kitu inafanyika kwa kibodi. Iweke. Halafu hiyo mausi uitie kwa droo, usiiguse tena."

Mume wangu aliiweka. Niliifungua nikabonyeza, na kompyuta ikasema "Rekodi." Nikabonyeza tena: "Hariri." Kila mlango ulikuwa unajitaja. Nililia hapo mezani, na mume wangu, akidhani imeharibika, akaanza kuizima.

Tulijifunza kwa simu, asubuhi baada ya mwalimu kunywa chai. Alinieleza kwamba kitufe cha mabano ya kufungua huweka alama pale kelele inapoanza, na mabano ya kufunga pale inapoishia. Kati ya alama hizo unafuta. Mwanzoni vidole vyangu viliyakosa mabano hayo kila mara, mpaka mume wangu akaja na gundi, akadondosha tone dogo juu ya kila kitufe cha mabano na kuliacha likauke. Sikumwomba. Jioni alikuwa ameketi nyuma yangu akiniangalia ninavyopapasa.

Kuondoa kelele ndiko kulikonichukua muda. "Tafuta mahali mtu amenyamaza, kelele iko peke yake," mwalimu alieleza. "Iambie programu, hii ndiyo adui. Halafu itoe kidogo. Usiwe mlafi. Ukitoa kelele yote utatoa na mtu."

Mtihani ulikuja kutoka Kianyaga. Bosi alikuwa amemrekodi mama mmoja mkulima wa chai, akieleza jinsi alivyoiokoa michai yake baada ya mvua ya mawe. Walikuwa jikoni kwake, na mvua nyingine ikaanza kupiga mabati katikati ya mazungumzo. Kituoni walikuwa wameijaribu ile programu ya simu, mama akageuka debe. Bosi akaniletea rekodi hiyo yeye mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mume wangu.

Nilitafuta pale mama aliponyamaza kumimina chai. Mvua ilikuwa peke yake kwa muda mfupi. Nikaweka alama, nikaionyesha programu, nikapunguza kidogo, nikasikiliza, nikapunguza tena. Sikuitoa yote. Kisha nikakata kikohozi kimoja, kwa masikio tu.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Mvua ilikuwa bado iko, mbali, kama inanyesha shamba la jirani, na mama alikuwa karibu nasi.

"Hii tunaitoa Jumamosi," bosi alisema. Kisha akapenga kamasi, akasema kwa ukali wa kujifanya, "Na wewe Jumatatu uje kazini. Nimechoka kulinda kiti."

Nilirudi. Nafanya kazi siku nyingine kituoni, siku nyingine nyumbani, na kazi yangu ni polepole kuliko zamani lakini ni yangu.

Mwaka huu mume wangu alichukua ruhusa tukaenda Timau kumshukuru mwalimu, tukiwa na mkungu wa ndizi za shambani kwetu. Mkewe alitukaribisha kwa viazi na chai, na upepo wa huko ukapiga nyumba mchana kutwa. Niliandaa maneno mazuri ya shukrani njia nzima. Mwalimu hakunipa nafasi. Alitaka kujua kama nimejifunza kusawazisha sauti mbili zisizolingana, na nilipokiri kwamba bado, akaniketisha kwenye kompyuta yake.

Tukirudi nilimwuliza mume wangu mwalimu anafananaje. Kwa sauti ile nzito, nilikuwa nimempa urefu na mabega mapana.

"Ni kadogo," alisema. "Kananifikia hapa kwa kwapa. Sweta imetoboka viwiko vyote viwili."

Tulicheka mpaka Naro Moru. Wiki iliyofuata nilimtumia sweta, ya saizi ndogo, na ndani yake nikatia flashi yenye yale maneno yangu ya shukrani, nimeyarekodi na kuyasafisha, bila kugusa mahali sauti yangu ilipokatika.