Upepeo wa Mwalimu Dora

Leo nimeingia jikoni mwa mke wa mwanangu, jambo asilolifanya baba mkwe hapa Mayoni.

Kupitia mlangoni nilimwona akipepea makaa kwa upepeo wa karatasi niliokuwa nimeuweka mezani.

Aliusahau kwangu Mwalimu Dora, Mmarekani mweusi aliyefundisha nami miaka ile miwa ilipotuletea neema. Upepeo huo una picha ya dadake, aliyeuawa kwao akidai haki ya watu weusi kupiga kura.

Dora hana picha yake nyingine. Kesho anakuja kuichukua.

“Mama Ayuma, acha kupepea,” nikamwambia mkwe wangu nikiingia.

Aliponiona ndani, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Upepeo ukaanguka motoni.

“Baba, tokeni nje kwanza,” akasema kwa wingi wa heshima.

Nimeokoa kipande chenye macho.

Yananitazama ninapoandika. Ndugu zangu, nimpokeeje Dora?