Anemoni Zangu Mbele ya Baraza

Mhusika mkuu wa mkasa huu ni beberu mweupe wa Mzee Anaeli, na baada ya beberu ni Mzee Anaeli mwenyewe, aliyeshindwa kumfunga. Mimi nafuata nyuma yao, kwa mbali, na naeleza hivyo waziwazi kwa sababu huko Meru kisa hiki husimuliwa hadi leo kana kwamba mimi ndiye niliyetafuna maua. Aibu niliipata, sikatai.

Enzi za Mjerumani nilikuwa karani wa boma la Arusha, mtu wa Pangani niliyeletwa bara kwa ajili ya mwandiko wangu, na kijumba changu kilipakana na migomba ya Mzee Anaeli, Mmeru. Mke wa mpimaji ardhi, alipokuwa akirejea kwao Ulaya, aliniachia viazi vya ua liitwalo anemoni, vikavu, vyeusi, vimekunjamana kama tangawizi iliyosahauliwa jikoni (haijulikani upi upande wa juu, hata bibi mwenyewe alisema nivilaze ubavu, kiazi kitajitafutia njia). Nikaviloweka usiku kucha, nikavipanda masika yalipopungua, katika udongo usiotuamisha maji, nikatandaza majani makavu ili mizizi ikae ubaridini, kwa maana ua hili kwao huchanua baridi inapoaga; na katikati ya kipupwe, ukungu wa Meru ukishuka hadi mlangoni, anemoni zikafunguka, nyekundu, buluu na nyeupe, kila moja na jicho jeusi. Arusha nzima hapakuwa na nyingine. Watu walitoka kijiji cha Sokon kuja kutazama, nami nikisimama pembeni nimevaa koti.

Asubuhi moja nikamkuta beberu katikati ya tuta. Hakuwa amekula (anemoni ni kali mdomoni). Alikuwa ameng'ata ua, akalitafuna, akalitema, kisha akajaribu la pili akitumaini lina ladha nzuri zaidi, na hivyo hadi mwisho. Yalisalia machipukizi tu. Nikaenda kwa Mzee Anaeli nikiwa na hasira ya haki, naye akanisikiliza kwa utulivu, akasema, "Karani, mwenye malalamiko ni mbuzi wangu. Tangu alfajiri anapiga chafya."

Nikapeleka shauri kwenye baraza la mshili, mkuu wa ukoo wao. Nilitaka jambo moja: itamkwe mbele ya watu kwamba Mzee Anaeli amekosa, na mbuzi afungwe, ili machipukizi yale yapone. Nikakusanya maua yaliyotemwa, yakiwa na alama za meno, yawe kielelezo. Na kwa kuwa kamba sikuwa nayo, na kamba ya mgomba niliiona haina heshima ya baraza, nikachuma jani refu la isale, mmea uliojaa kwenye mipaka ya mashamba yao, nikayafunga vizuri kwa fundo.

Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikainamisha kichwa kwa adabu kama tulivyofundishwa bomani, nikamwinulia Mzee Anaeli lile fungu kwa mikono miwili, ayaone meno ya mbuzi wake. Mzee Anaeli akalitazama jani, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Ndipo jirani yangu wa benchi aliponinong'oneza kwamba kwao anayemletea mtu isale amekuja kuomba msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa.

"Sikujua," akasema mshili taratibu, "kama watu wa pwani nao huomba radhi."

"Nimekusamehe, ndugu yangu," akasema Mzee Anaeli. "Na mbuzi naye amekusamehe."

Nikaeleza kwamba hiki ni kielelezo, kwamba mlalamikaji ni mimi. Mshili akaniinulia mkono. "Umeshasamehewa, karani. Usizidishe."

Vigelegele vikapigwa, nikabebwa (nasema nikabebwa, na koti langu) hadi kwa Mzee Anaeli, nikalishwa mtori hadi vifungo vikalalamika, nikafundishwa ngoma ambayo miguu ya Pangani haikuumbiwa, na wanawake wakaniita shemeji. Kesho yake Mzee Anaeli akamfunga beberu bila kuambiwa, kwa kuwa si adabu kumsumbua mtu aliyekwisha kujinyenyekeza; machipukizi yakachanua, naye mzee akawa haondoki pale, akiwaonyesha wageni maua "yetu".

Nimeapa sitafunga tena kitu chochote kwa jani la nchi ya watu kabla ya kuwauliza wenyewe. Lakini hukumu bado. Kwa hiyo nadai rasmi kwamba wazee wa baraza lile walio hai waketi tena, watamke kuwa siku ile mkosaji hakuwa mimi. Na Mzee Anaeli, ambaye hata jana tulikula naye, asimame na kujibu shtaka lake mbele ya watu, bila kucheka.