Maji ya Kimya

Harufu ya nta ya mishumaa iliyoyeyukia kwenye tope hunirudisha kisimani, bondeni chini ya kijiji chetu huku Nyambureti. Wakristo wa kwanza wa kwetu walibatizwa pale, na kila Kwaresima mahujaji walishuka kutoka Serengeti yote, Tarime, hata ng'ambo ya Sirari, wakiimba, migongo imelowa jasho. Mgonjwa alichotewa maji alfajiri, na mchotaji hakuruhusiwa kufungua kinywa kutoka kisimani hadi kitandani, hata kwa salamu. Huku kwetu, ambako kumpita mtu kimya ni kumtangazia ugomvi, sijui sharti gumu kuliko hilo.

Mwaka ule mdogo wangu Bhoke alizidiwa na selimundu. Alilia mifupa mchana na usiku, na mama akaweka tumaini lake lote kwenye ndoo moja ya maji. Alirudi nayo kwa njia ya mashamba ya mtama asikutane na mtu, nami nyuma yake. Uwanjani tukamkuta shangazi, dada mkubwa wa baba aliyeolewa Kenya. Alikuwa amekuja kumwona mgonjwa.

"Mama Bhoke, mbona unanipita hivyo? Si uniambie tu kama nimekukosea?"

Mama alimwonyesha ndoo kwa kidevu. Shangazi, aliyeolewa kabla sharti la kisima halijawekwa, hakuelewa, akaanza kulia. Mama akasimama.

"Shikamoo, wifi," akasema.

Bhoke aliyanywa maji yale. Alifariki kabla ya Pasaka, tukamzika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemlaumu mama usoni, lakini wanawake wa jumuiya walinong'ona mpaka yakamfikia, nami niliwachukia kwa hilo. Bado nawachukia.

Siku hizi kisima kimejengewa saruji na kuwekewa bomba. Mahujaji wanakuja kwa bodaboda, wanajaza madumu huku wanaongea na simu. Kwaresima iliyopita nilimpeleka mama, akawatazama kwa muda mrefu.

"Hawa wanaongea hivi, na watoto wao wanapona?"

"Wengine wanapona, mama. Wengine hawaponi."

"Kama zamani?"

"Kama zamani."

Nilidhani nimemtua mzigo. Lakini alijaza kidumu chake, na njia nzima watu wakamwamkia, shikamoo mama, shikamoo bibi, asimjibu hata mmoja. Nyumbani alipitiliza hadi nyuma, akayamimina maji yote juu ya kaburi la Bhoke. Ndipo akageuka kuelekea njia tuliyotoka, ambayo sasa haikuwa na mtu, akasema, "Marahaba."