Sifongo ya Vildan

Vildan alikuwa mwaka wa saba akisomea uzamivu pale Ankara, na kila sikukuu mashangazi wa Çorum, mji wa kwao, walimwuliza kama chuo kimemsomesha au kimemfunga. Kazi yake yote hiyo ilikuwa jeli nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni. Aliigandisha kwenye friza pamoja na protini moja ya ute wa yai. Barafu ikiyeyuka, jeli hubaki na vitundu kama sifongo. Na protini ikioshwa itoke, huacha nafasi zinazoitosha yenyewe tu. Protini nyingine zinapita. Leo jopo la watahini lingeitazama ikinasa protini hiyo. Ikigoma, Vildan angerudi Çorum kuuza dengu za kukaanga dukani kwa baba yake.

Siku ya utetezi wa tasnifu familia huja na vyakula. Mama yake, Bi Satı, alifika asubuhi na börek, vitafunio vya unga vyenye jibini, akazipaka yai na kuzioka kwenye oveni ya chumba cha chai cha maabara. Chumbani humohumo Vildan, kwa uvivu wake, alikuwa ameiacha jeli ndani ya kikombe cha maji. Aliporudi kuichukua, alimkuta mama anaitumia kusugulia vyombo.

"Mama! Hiyo ndiyo shahada yangu!"

"Shahada gani hii? Nimeikamua, imevimba tena. Sabuni sikuiona."

Jopo lilikuwa limeshakaa. Profesa Müfit, mwenyekiti asiyecheka hata arusini, akaamuru ute wa yai umiminwe juu ya jeli. Ukapita wote, jeli isinase kitu. Vildan akainua mkono.

"Imeshajaa, Mwalimu. Mama ameoshea vyombo."

"Vyombo gani?"

"Bakuli la yai, sinia la jibini, sufuria ya maziwa," Bi Satı alijibu kutoka mlangoni. "Na haifai hata kidogo! Bakuli la yai limetakata, vingine vyote vinanuka vilevile. Sifongo gani inachagua uchafu?"

Profesa aliikodolea macho jeli. Akaagiza ipitishiwe maji ya chumvi, iachie ilichonasa. Mashine ya kupimia ikaonyesha protini moja tu, ile ya yai. Ya maziwa haikuwamo, wala ya jibini.

Profesa alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Daktari Vildan," alisema, "mpe mama kiti."

Bi Satı alikaa, machozi yakimtiririka. "Mwanangu daktari," alisema, "na vyombo nimeosha mimi."