Siku ya Kusoma Jemadari

Kikundi chetu cha maombi kilikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa binti yangu, mjini Arlington, karibu na Dallas. Waliokuja siku hiyo nawakumbuka mmoja mmoja, majina yao na ya watoto wao, lakini acha nisiwataje. Wengine bado tunasalimiana.

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wao. Nikiambiwa sura, navaa miwani, nafungua Biblia, natoa maneno bila kukwama. Kumbe kusoma sijui. Marehemu mume wangu aliisoma kwa sauti kila jioni miaka yetu yote, nami nikashika kwa kichwa. Hata binti yangu hakujua.

Kiongozi wetu, kijana wa chuo cha Biblia huko Dallas, alikuja na neno la Kigiriki: kiliarkos. Akasema ni mkuu wa askari elfu. Wakiwa wengi ni kiliarkoi, na cheo chenyewe ni kiliarkia.

"Kwetu Kongo huyo ni kolonele," akasema baba mmoja. "Akipita kwako, ficha mbuzi!" Tukacheka sana.

Kisha kijana akatugawia Biblia za tafsiri tofauti, tusikie kila moja imemwitaje yule mkuu aliyemtoa Paulo mikononi mwa watu. "Tuanze na wewe, shosho," akaniambia, maana hivyo ndivyo wote walivyoniita, bibi yao.

Nikaanza. Maneno yakatoka kama kawaida mpaka nikafika kwa jemadari, neno la Biblia ya mume wangu.

"Jemadari?" Nesi aliyekaa karibu nami akainamia kitabu changu. "Shosho, si hapa wameandika mkuu wa jeshi?"

"Rudia tu, shosho," kijana akasema kwa upole. "Soma vile imeandikwa."

Nikautazama ule ukurasa. Nikasikia friji ikinguruma jikoni.

"Mama hana miwani leo," binti yangu akasema haraka.

Miwani ilikuwa puani mwangu. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze. Baba wa Kongo akaangalia viatu vyake. Nesi akakichukua kitabu polepole, akanisomea mstari wangu kwa sauti ya chini, kama anayemlisha mgonjwa.

Wageni walipoondoka, binti yangu aliosha vikombe akinipa mgongo.

"Lakini Mama, ulikuwa unakagua madaftari yangu ya shule. Ulikuwa unanifinya nikikosea."

"Nilikuwa naangalia kalamu nyekundu ya mwalimu," nikasema.

Hakugeuka. Akaendelea kusugua kikombe kilekile.